Jino la mbele likivunjika, maradhi hujificha mzizini

Jino la mbele huvunjika kwa sekunde moja. Forodhani, Unguja, kwenye ukuta wa bahari, vijana wa makachu hujirusha majini alasiri nzima. Mmoja akiteleza ukingoni, au akiibuka pale pale mwenzake anapotua, hutoka na damu mdomoni na kipande cha jino kimeshazama. Ndani ya vichochoro vya Mji Mkongwe huwa ni baiskeli iliyoshindwa kona ikamtupa mtoto kwenye ukingo wa baraza. Jambiani na Nungwi huwa ni mpira wa jioni ufukweni, kiwiko kikaingia usoni.

Damu hukatika baada ya muda mfupi. Mdomo uliovimba hunywea kwa siku chache, maumivu hupungua kisha hutoweka, na aliyeumia hujizoeza kucheka mdomo umefumba. Miezi hupita, pengine miaka. Halafu jino huanza kubadilika rangi, likawa la kijivu. Juu yake, kwenye ufizi, hutokeza kipele kidogo. Huvimba, hupasuka, hutoa tone la usaha wenye ladha mbaya, hunywea, kisha hurudi mwezi unaofuata.

Kipele hicho ni mlango wa nje wa maradhi yaliyo ndani ya mfupa, kwenye ncha ya mzizi. Hakiponi kwa kuminywa, wala kwa kusukutua maji ya chumvi, wala kwa vidonge. Lakini jino lenyewe, mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, bado linaokoka.

Jino linavyokufa kimya kimya

Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu bilioni 1 wamewahi kuumia meno kwa ajali, na kwamba miongoni mwa watoto wa hadi miaka 12 waliopata ajali hiyo ni kiasi cha asilimia 20. Yanayopigwa zaidi ni yale mawili ya katikati ya taya la juu. Huota mtoto akiwa na miaka 7 au 8, na mzizi wake haukamiliki hadi afikie kama miaka 10. Hiyo ndiyo miaka ya kukimbizana, kupanda miembe na kuruka baharini. Mtoto ambaye meno yake yametokeza mbele kiasi kwamba mdomo hauyafuniki yuko hatarini zaidi ya wenzake.

Jino la kati la juu lina urefu wa kiasi cha milimita 22 hadi 23, na zaidi ya nusu ya urefu huo imezama mfupani. Nje kuna enameli, ngumu kuliko mfupa. Chini yake kuna dentini, yenye vijitundu visivyoonekana kwa macho. Katikati kimekaa kiini, nyama laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu. Damu ya kiini huingilia kwenye tundu la ncha ya mzizi, ambalo kwa mtu mzima halifikii hata milimita moja.

Udhaifu wa jino umo katika tundu hilo. Pigo linaweza kulivunja jino hadi kiini kikaonekana kama nukta nyekundu, na vijidudu vya mdomoni vikaingia kwa mlango wazi. Linaweza pia kulitikisa bila kulivunja sana, mishipa ikakatika pale nchani, na kiini kikafa kwa kukosa damu. Hali hii ya pili ndiyo inayowadanganya wengi. Kiini kilichokufa hakiumi, na mtu hujiona amepona.

Vijidudu hupenya polepole katika nyufa na vijitundu vya dentini, hukuta nyama iliyokufa, huzaliana. Sumu yao huvujia kwenye ncha ya mzizi, na mwili, katika kupambana nayo, huyeyusha mfupa ulio karibu. Kwenye picha ya eksirei pahala hapo huonekana kama duara jeusi.

Kwamba vijidudu ndio chanzo kulithibitishwa mwaka 1965, pale watafiti watatu wa Marekani, Kakehashi, Stanley na Fitzgerald, walipotoboa meno ya panya na kuyaacha wazi. Panya wa kawaida walioza viini na kupata majipu. Panya waliofugwa bila kijidudu chochote mwilini walipona: ingawa chakula kilijazana tunduni, dentini mpya ilijijenga ikafunika kiini. Mwaka 1976 Göran Sundqvist wa Umeå, Uswidi, alichunguza meno ya watu yaliyokufa kwa pigo huku sehemu ya nje ikiwa nzima. Vijidudu vilipatikana karibu katika kila jino ambalo mfupa wake ulikuwa umeliwa; katika meno ambayo mfupa ulikuwa salama, havikupatikana.

Tiba yote ya leo imejengwa juu ya ugunduzi huo. Vijidudu vikiondolewa na njia yao ikazibwa, mfupa hujijenga tena wenyewe.

> Kiini kilichokufa hakiumi, na mtu hujiona amepona.

Vidonge havifiki

Safari ya kwanza ya wengi, Unguja kama kwingineko Tanzania, huwa ya duka la dawa. Amoksilini na metronidazo hununuliwa bila cheti, humezwa siku mbili tatu, uvimbe hushuka, zilizobaki huwekwa kabatini. Mwezi wa pili mambo huanza upya.

Dawa ya kumeza husafiri kwa damu, na ndani ya jino lililokufa hamna tena damu. Kinachoshuka ni uvimbe wa nje, ule ulio katika nyama hai. Vijidudu vilivyo ndani ya mfereji wa mzizi hubaki salama, na kila dozi isiyo ya lazima hukuza usugu wa vijidudu. Kitabu cha Shirika la Afya Duniani cha matumizi ya antibiotiki, kilichotolewa mwaka 2022, kinasema wazi kwamba maambukizi mengi ya meno hayahitaji antibiotiki. Yanahitaji mkono wa daktari wa meno.

Kuna hali ambazo dawa hizo ni za lazima, tena haraka: homa, uvimbe unaosambaa usoni, jicho linaloanza kufumba, taya lisilofunguka, shida ya kumeza au kupumua. Mgonjwa wa namna hiyo hukimbizwa hospitali usiku huo huo. Usaha wa meno ya juu ya mbele unaweza kupanda hadi chini ya jicho na, ingawa ni nadra, kufika kwenye mishipa mikubwa ya damu ndani ya fuvu. Hata hapo, vidonge na sindano husaidia tu kuuzuia moto usienee; usaha lazima utolewe na mzizi ushughulikiwe.

Katika visiwa hivi karafuu nayo haiwezi kupitwa. Mafuta yake hutuliza maumivu kwa sababu ya yujenoli, ambayo ni sehemu kubwa ya mafuta hayo, na madaktari wa meno duniani wameitumia kwa zaidi ya karne, ikichanganywa na unga wa oksidi ya zinki hadi ikawa uji mzito wa kuzibia. Mafuta ya namna hiyo hukamuliwa Wawi, Chake Chake, katika kiwanda cha Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar. Wazee walioweka karafuu kwenye jino linalouma hawakukosea. Ila karafuu hutuliza mshipa wa fahamu ulio hai. Haiwezi kuingia katika mfereji wenye usaha. Na pamba iliyoloweshwa mafuta makali, ikilazwa ufizini usiku kucha, huunguza nyama na kuongeza kidonda juu ya jipu.

Kung'oa au kuokoa

Mbele ya daktari, mgonjwa mwenye jino la mbele lililovunjika na lenye usaha hukuta njia mbili.

Wanaotetea kung'oa wana hoja zenye uzito. Sindano moja ya ganzi, dakika chache, gharama ndogo, na chanzo cha maambukizi kimetoka. Matibabu ya mzizi hutaka vikao viwili au vitatu, picha za eksirei, vifaa vya kuagizwa kutoka nje na daktari mwenye muda wa kutulia na jino moja wakati foleni iko mlangoni. Kwa anayetoka Nungwi au Makunduchi, ncha mbili za kisiwa, kila kikao cha mjini ni siku ya kazi iliyopotea na nauli ya kwenda na kurudi. Wengi huanza na hawarudi kumaliza, na jino lililofunguliwa likaachwa nusu njia huharibika kuliko lilivyokuja.

Tanzania inajua kubuni tiba nafuu ya meno. Ni katika chuo cha Muhimbili, Dar es Salaam, katikati ya miaka ya 1980, ambako Jo Frencken na wenzake walianzisha mbinu ya kusafisha na kuziba jino kwa vifaa vya mkono, bila umeme wala mashine; mbinu hiyo imeenea ulimwenguni. Lakini hiyo ni ya jino lililotoboka ambalo kiini chake bado kiko salama. Mzizi uliooza hauna njia ya mkato kama hiyo.

Upande wa pili unaanzia pale jino lilipotoka. Mfupa uliolishikilia huanza kusinyaa, na sehemu kubwa ya upana wake hupotea ndani ya mwaka mmoja. Meno ya jirani huinamia pengo. Jino la bandia la kuvua hujaza sura, lakini kwa mtoto hubadilishwa kila anapokua, na kipandikizi cha titani hakiwekwi hadi taya limalize kukua. Anayeng'olewa jino akiwa na miaka 11 anasubiri karibu muongo mzima.

Kuna na matamshi. Walimu wa tajwidi hufundisha kwamba thaa, dhali na dhaa hutoka ncha ya ulimi ikigusa makali ya meno ya juu ya mbele, na faa hutoka meno hayo yakigusa mdomo wa chini. Kwa mtoto wa Unguja anayekaa katika chuo cha Kurani kila alasiri akisomeshwa herufi hizo, pengo la mbele huonekana na pia husikika. Wasiwasi wake darasani hauwezi kupimwa kwa bei ya sindano moja ya ganzi.

Ukipima pande zote mbili, jino la mbele lenye mzizi mzima linastahili kuokolewa. Lina mzizi mmoja, kwa kawaida ulionyooka, wenye mfereji mmoja. Gego lina mizizi miwili au mitatu yenye kupinda. Hakuna jino lililo rahisi zaidi kutibiwa kuliko la mbele. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyochapishwa na watafiti wa London mwaka 2007 yalikuta kwamba, kwa kipimo kikali cha kupona, matibabu ya mzizi hufaulu kati ya asilimia 68 na 85. Kung'oa kunabaki kuwa tiba sahihi pale mzizi umepasuka kwa urefu wake, au ufa umeshuka mbali ndani ya mfupa, au hakuna tena jino la kutosha kubeba kuziba kokote.

> Hakuna jino lililo rahisi zaidi kutibiwa kuliko la mbele.

Chokaa ndani ya mzizi

Katika kliniki ya meno, ikiwa ni ya Hospitali ya Mnazi Mmoja au ya binafsi, kazi huanza kwa uchunguzi. Daktari hugonga jino taratibu kwa mpini wa kioo chake. Lenye ugonjwa nchani huuma. Huligusisha kitu cha baridi kali, lililokufa halihisi. Kipimo hiki cha baridi kinaweza kudanganya katika wiki za mwanzo baada ya ajali, kwa sababu mishipa ya fahamu huzimia kwa muda bila kufa, na ndiyo maana mgonjwa huitwa tena hata kama hakuna kinachomuuma. Eksirei nayo huchelewa: duara jeusi halionekani hadi mfupa wa kutosha uwe umeliwa. Meno ya jirani hupimwa pia. Pigo moja mara chache huumiza jino moja.

Kisha ganzi, ambayo hufanya kazi kwa uvivu penye usaha, hivyo huhitaji subira. Jino huzungushiwa shuka dogo la mpira ili mate yasiingie, halafu hutobolewa kwa nyuma, upande wa ulimi, ili mbele pasionekane alama. Faili nyembamba za chuma huteremshwa mferejini hadi karibu na ncha; urefu hupimwa kwa picha au kwa kifaa cha umeme, kwa sababu faili fupi huacha uchafu na ndefu hutoboa nje. Kati ya faili na faili mfereji huoshwa kwa hipokloriti ya sodiamu, ya jamii moja na dawa ya kung'arishia nguo, ila iliyopimwa kwa kazi hiyo. Dawa ya nguo ya nyumbani isitiwe mdomoni kamwe.

Inayofuata ni hatua ambayo mkaazi wa Mji Mkongwe angeitambua bila kuelezwa, lau angeambiwa jina lake la kawaida. Mfereji uliosafishwa hujazwa hidroksidi ya kalsiamu. Ni chokaa. Mawe ya matumbawe yakichomwa tanuuni kisha yakatiwa maji hutoa kitu hicho hicho. Ndicho kilichoshika kuta za nyumba za Shangani na Malindi, na ndicho kinachopakwa kwenye jani la tambuu. Bernhard Hermann wa Ujerumani aliileta katika tiba ya meno mwaka 1920. Ya hospitali ni safi na laini kama krimu, na ukali wake, kiasi cha 12.5 kwenye kipimo cha pH, hauvumiliki kwa vijidudu vingi. Huachwa ndani wiki moja hadi nne, jino likiwa limefungwa kwa muda. Kipele cha ufizini mara nyingi hufunga katika kipindi hicho, na mgonjwa akikiona kimepotea hudhani kazi imekwisha. Haijakwisha. Chokaa huyeyuka, na mfereji mtupu ni nyumba iliyoachwa wazi.

Kikao cha mwisho huutoa uji wa chokaa na kujaza mfereji kwa gatapacha, utomvu mgumu wa mti wa nchi za Malaya, ukisindikizwa na saruji laini ya kuzibia. Kebo ya telegrafu iliyofika Zanzibar kutoka Aden mwaka 1879 ililindwa na bahari kwa utomvu wa namna hiyo. Ndani ya mzizi kazi yake ni ile ile, maji yasipite. Juu yake jino hujengwa upya kwa rezini ya rangi ya jino. Kipande kilichovunjika, kama kilihifadhiwa, kinaweza kugandishwa mahali pake na kikakaa kwa uzuri ambao hakuna dawa inayoufikia. Lililobaki kidogo sana huwekewa nguzo ndani ya mzizi na kofia juu. Ukijivu husafishwa kwa dawa inayowekwa ndani ya jino lenyewe.

Mfupa hauna haraka. Picha ya kuulinganisha hupigwa baada ya miezi sita au mwaka, na mwanya mkubwa unaweza kuchukua miaka hadi minne kujaa.

Mtoto ambaye mzizi haujafunga

Kwa mtoto wa miaka 8 mambo hubadilika. Ncha ya mzizi wake bado iko wazi kama bomba na kuta zake ni nyembamba, kwa hiyo kila saa ya uhai wa kiini ina thamani. Kiini kikionekana lakini bado kikitoa damu nyekundu, daktari hukata milimita chache tu za juu, hufunika na kuacha kilichobaki kiendelee kuujenga mzizi. Miomir Cvek wa Uswidi alieleza njia hiyo mwaka 1978: kati ya meno 60, asilimia 96 yalipona, yakiwemo yaliyochelewa siku nyingi kutibiwa.

Kiini kikishakufa, gatapacha haina pa kuzuilika. Zamani chokaa iliwekwa miezi mingi hadi kizuizi kijijenge nchani. Mwaka 2002 Jens Andreasen wa Copenhagen na wenzake walionyesha kwamba chokaa ikikaa muda mrefu namna hiyo huudhoofisha mzizi. Siku hizi hutumika zaidi saruji maalumu, MTA, iliyobuniwa California mwanzoni mwa miaka ya 1990 na Mahmoud Torabinejad kutokana na saruji ya kawaida ya ujenzi. Huwekwa nchani, hukauka penye unyevu, na ncha hufungwa kwa kikao kimoja au viwili.

Jino la utoto lenye usaha ni jambo tofauti. Hilo kwa kawaida hung'olewa, kwa kuwa jino la ukubwani limelala juu ya mzizi wake na linaweza kuharibiwa na maambukizi.

Ramadhani na kiti cha daktari

Wagonjwa wengi huahirisha vikao mwezi wa Ramadhani kwa kuhofia saumu, na jino lililofunguliwa Shaaban hukaa bila kufungwa hadi Shawwal. Baraza la kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 10 kilichofanyika Jeddah mwaka 1997, lilipitisha kwamba kutoboa, kung'oa na kusafisha meno hakubatilishi saumu maadamu mtu anajilinda asimeze kitu. Lile shuka la mpira linasaidia hapo pia. Mwenye shaka amuulize sheikhe wake kabla ya kuvunja miadi na daktari.

Saa ya kwanza

Mengi ya hayo yasingehitajika kama jino lingeonwa siku ile ile. Kipande kilichovunjika kitafutwe, kiwekwe ndani ya maziwa au maji safi ili kisikauke, kipelekwe pamoja na mgonjwa. Jino lote likitoka na mzizi wake, lishikwe upande wa kutafunia, lisisuguliwe mzizi. Likichafuka lisuuzwe kidogo, lirudishwe tunduni papo hapo au litiwe ndani ya maziwa. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2020 unayataja maziwa kwanza. Dafu limechunguzwa na watafiti, na matokeo yao yanapishana. Jino likikauka zaidi ya saa moja, uhai wa mzizi huwa umekwisha. Jino la utoto lililotoka zima halirudishwi.

Na kwa mzazi ambaye mtoto wake aliangukia jino mwaka jana na leo halimuumi: mtazame ufizi juu ya jino hilo kwenye mwanga wa jua. Ukiona rangi imebadilika au kipele kimetokeza, mpeleke kwa daktari wa meno wiki hii, na mrudishe hadi jino lizibwe.